Simu ya Jumatano

Nekesa mwanangu,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kumjulia mtu hali, ndipo uje kwenye dhumuni. Lakini chai ya asubuhi tulikunywa pamoja, na nikikuuliza hali kwenye karatasi utanicheka hadi kuku wakimbie. Kwa hivyo hali naiacha. Umeenda Ndalu kumuaga kukhu, bibi yako, babako yuko kazini, na mimi nimesukuma cherehani hadi ukutani nipate mahali pa kuandikia. Gauni za kwaya zitangoja. Ukirudi jioni utaikuta barua hii juu ya mto wako, na nataka uisome kabla ya kulala, si kesho ukiwa safarini.

Mambo ya blanketi na sabuni, na ni nani wa kuketi karibu naye kwenye basi, babako amekwisha kuyasema yote, mengine mara mbili. Hapo sina la kuongeza. Naandika kwa sababu ameniambia ulichomwambia juzi mkiosha mitungi ya maziwa. Ati huenda usiende. Ati utaandika chuoni uombe nafasi ya karibu, Bungoma au popote, au ungoje mwaka mwingine. Alipokuuliza kama ni ugonjwa unaouogopa, ukamjibu, "Mimi siogopi ugonjwa, baba. Naogopea mama. Usiku namsikia akitembea."

Basi nimesikia. Nilikasirika kidogo, nisikufiche, maana mzazi hapendi kugundua kwamba mtoto ndiye amekuwa mlinzi wake. Kisha hasira ikaisha, nikalia, nikaosha uso, nikamalizia pindo la gauni. Leo ndiyo nimepata nafasi ya kukujibu.

Wewe unaujua ugonjwa wako kwa ndani. Acha nikusimulie ulivyoonekana kwa nje, kwa sababu hatujawahi kuuzungumza tukaumaliza. Ulikuwa kidato cha tatu, umekuja nyumbani likizo. Ulianza kwa kutolala. Taa yako ikawa inawaka mpaka jogoo anawika, na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi. Nikawaringia akina mama wa kanisa kwamba wangu anasoma mpaka mafuta ya taa yanaisha. Baadaye ukaanza kuongea mbio hadi hatushiki neno. Ukasema mtangazaji wa redio anakutaja kwa jina. Siku moja tukakufuata mpaka soko la Matisi, tukakukuta miguu mitupu, umesimama juu ya kreti unawahubiria wauza nyanya. Wengine walikuwa wakicheka, na mmoja alikuwa ametoa sadaka. Nilikufunika leso yangu nikakuongoza nyumbani, na njia nzima uliniambia mambo mazuri sana kuhusu mbingu.

Nyumbani nikawaambia watu ni malaria imepanda kichwani. Unajua sisi. Mtu akichanganyikiwa katika sehemu hizi zetu, kuanzia Kitale mpaka Webuye, ni malaria imepanda kichwani. Anayesema anajua si kweli, anayesikia anajua si kweli, na wote wanatikisa vichwa kwa huruma. Hiyo malaria imemaliza watu wengi ambao mbu hakuwahi kuwagusa. Nasi ilitupotezea muda wako. Kukhu alitaka tumtafute aliyekutazama kwa jicho baya, mimi nikataka maombi, babako akataka usingizi tu uje. Tulizunguka hivyo hadi ukakonda kabisa. Ni yule nesi wa zahanati aliyetuambia bila kuzunguka kwamba huu ni ugonjwa wa akili, kwamba una jina na una dawa, na kwamba daktari wake yuko Nairobi.

Huko Nairobi ulilazwa, dawa ikakushika, ukarudi kuwa Nekesa wangu, mwenye kunisahihisha Kiswahili. Daktari Mumbua akasema utakuwa unarudi kumwona kila mwezi.

Hapo ndipo tulipokosea tukidhani tunafanya vizuri. Tulikuwa tunapanda basi la usiku ili tufike kliniki mapema. Usiku mzima hulali. Asubuhi tunaketi kwenye lile benchi refu la saruji, wewe katikati ya watu wanaoongea peke yao, wapita njia wanachungulia, na mimi nimevuta leso mpaka puani asije akatokea mtu wa Kitale akanitambua. Daktari anakuona muda mfupi, kwa sababu nyuma yetu kuna mlolongo. Kisha basi la usiku tena. Siku mbili baada ya kila safari ulikuwa ukianza tena: macho makavu, maneno mbio, mikono haitulii. Tukarudi kwa daktari kulalamika kwamba dawa haifanyi kazi, tena kwa basi la usiku. Fikiria wazimu huo, na safari hii si wako. Tulikuwa tunakwenda kutafuta dawa ya kukosa usingizi, na tunaifuata kwa kukosa usingizi.

Daktari ndiye aliyeng'amua. Aliniuliza tunalala wapi tukija. Nikamwambia kwa fahari kwamba hatulali, sisi ni watu wa kuvumilia. Aliweka kalamu chini. Akauliza kama nyumbani kwetu kuna simu.

Nyumba yetu ina simu kwa sababu ya kituo cha maziwa anachosimamia babako, si kwa sababu yetu. Ukikua hukukuta nyumba bila ile simu nyeusi ukutani, kwa hivyo kwako ni kitu cha kawaida. Lakini unakumbuka ilivyo: laini moja, nyumba tatu. Sisi, mapadre, na Mama Njeri pale ng'ambo ya kijito. Kila nyumba na mlio wake. Wetu ni mmoja mrefu na miwili mifupi. Opereta wa Kitale akipiga, simu zinalia nyumba zote tatu, na kila mtu anatakiwa kuwa na adabu ya kutoinua isiyo yake. Mapadre hatukuwaogopa. Siri walizokuwa nazo ziliwatosha.

Mpango ukawa hivi. Nesi wa zahanati akupime uzito, akutoe damu inapotakiwa, akupe vidonge. Daktari naye akupigie Jumatano moja kila wiki mbili, saa nne asubuhi, baada ya chai yako, ukiwa umelala kitandani mwako usiku wote. Shule ya hapa karibu uliyohamia ikakuruhusu asubuhi hizo. Kukhu alipoelezwa alishika kiuno. "Simu inatibu mutu namna gani?" akauliza. "Inamushika mukono?" Nilikuwa na shaka kuliko kukhu, sema tu mimi niliificha.

Jumatano ya kwanza nilivaa nguo ya kanisani. Umewahi kunicheka kwa hiyo, na ulikuwa na haki. Simu ikalia, nikainua mimi. Daktari akakuuliza unakulaje, nikajibu mimi. Akauliza kama unaamka usiku, nikajibu. Akauliza unajisikiaje moyoni, nikavuta pumzi nijibu na hiyo, na daktari akasema kwa upole, "Mama Nekesa, asante. Sasa mpe mwenye moyo wake." Kisha akaniomba nitoke nje, nikakae mahali ambapo unaweza kuniona dirishani lakini siwezi kukusikia.

Nikaenda kupalilia maharagwe. Mwanangu, ule mstari karibu na dirisha niliupalilia Jumatano ngapi, hata udongo ulinichoka. Najua ulikuwa ukinitazama na kutabasamu. Nami nilikuwa nimeinama na jembe, machozi yananitoka, kwa sababu nilikuwa nimekuzaa, nimekubeba mgongoni, nimekuvua kwenye kreti Matisi, na leo mtu asiye na uso anasikia mambo ambayo mimi siambiwi. Niliona wivu. Nasema neno lenyewe kama lilivyo.

Iliniwia vigumu kuelewa kwamba ni kwa sababu yuko mbali ndiyo unaweza kumwambia. Mimi ukiniambia neno la huzuni, unaniona uso unavyobadilika, na wewe mtoto mzuri unaanza kuniliwaza mimi. Yeye ukimwambia, hakuna uso wa kutunza. Kuna sauti inayosema, "Endelea." Na baadaye unakata simu unatoka nje, kuna jua, kuna kuku, hakuna benchi. Hakuna aliyekuona ukienda wala ukirudi. Kwa majirani wewe ulikuwa msichana aliyeko nyumbani siku ya Jumatano, basi.

Daktari naye alikuwa na lake la kujifunza kwetu. Mwanzoni alikuwa akianza, "Nekesa, habari yako?" na wewe unajibu, "Nzuri, daktari." Angefanya nini msichana aliyelelewa na mimi? Mtu mzima akikuuliza habari unasema nzuri, hata kama nyumba inaungua. Uliniambia mwenyewe kwamba siku moja alisema hataki tena kukuuliza habari, kwa kuwa hilo swali jibu lake umeshapewa na wazazi. Tangu siku hiyo akawa anaanza na, "Leo uliamka saa ngapi, na kitu cha kwanza ulichofikiria ni nini?" Hapo adabu haina jibu tayari.

Unakumbuka ile mvua ndefu? Ulikuwa unakula, unaoga, unafagia. Sisi wenye macho tuliona uko sawa kabisa, na babako akaanza kusema labda vidonge vipunguzwe. Jumatano ikafika. Daktari alikusikiliza kidogo tu, akakuomba unipe simu, ruhusa ukiwa umeitoa wewe. Akaniambia, "Mama, Nekesa ameanza kukimbia. Sikiliza maneno yake, usimwangalie." Nikaketi jikoni nikafumba macho ukiwa unaongea na babako, na kweli, nikasikia. Maneno yalikuwa yanakanyagana. Macho yangu yalikuwa yameona nywele zilizosukwa vizuri yakaridhika. Siku hiyo hiyo nesi alibadilisha vidonge kama alivyoelekezwa, ukalala, na ndani ya wiki ukatulia. Kama tungengoja tarehe ya kliniki, ungengojea ukiwa juu ya kreti. Kukhu nilimweleza. Alifikiri, akasema, "Basi hiyo simu iko na masikio," na hakuuliza tena habari ya mkono.

Sasa nije kwa Mama Njeri. Hili tulicheka sote, lakini sijawahi kukuambia lilinifanya nini.

Wewe ndiye uliyeniambia sauti ya daktari huwa inafifia katikati ya mazungumzo. Nikasema ni mvua. Ukasema, "Mama, mvua haina batabukini." Nilisimama kama nimechomwa sindano. Katika sehemu hii nzima, anayefuga batabukini ni mtu mmoja. Nilivuka kijito nikiwa bado na pini mdomoni. Jinsi nilivyokuwa nimepanga maneno! Nilikuwa naona kesho yake kanisani, naona wachumba wako wa miaka ijayo wakigeuka nyuma njiani kwa sababu mtu ameambiwa nyumba ile kuna kichaa. Hiyo ndiyo hofu niliyokuwa nikiilinda kwa ile malaria yangu.

Nilimkuta ameketi nyuma ya nyumba anamenya viazi. Nilimwambia ajibu kama ni yeye anayesikiliza simu yetu. Hakuinuka.

"Ni mimi," akasema. "Keti, Mama Nekesa. Mara ya kwanza nilisikia kwa ubaya, siwezi kukudanganya. Nilitaka tu kujua mambo yenu. Hata nilikuwa nimechagua mtu wa kuambia." Akaendelea kumenya. "Halafu huyo daktari akauliza mtoto kama anaamkanga asubuhi mwili ikiwa nzito kama gunia, na hakuna kitu anataka. Mimi nikasimama hapo na simu. Si hiyo ni mimi? Tangu Baba Njeri aende, si ndio mimi kila siku? Nikafunika mahali pa kuongelea na mkono, nikajibu. Kila kitu anauliza Nekesa, mimi najibu hapa, pole pole, mtu asisikie."

Sikumsamehe siku hiyo, usije ukanifanya mtakatifu. Niliondoka bila kuaga. Lakini nilipofika kijitoni nilikaa juu ya jiwe, nikamfikiria mwanamke aliyefiwa, amesimama gizani kwenye korido ya nyumba yake, mkono mdomoni mwa simu, akimjibu daktari ambaye hajui yupo. Sote tulikuwa tukimwona sokoni anacheka na kubishana bei. Tulisema Mama Njeri ni chuma.

Nilikuja kukueleza nikiwa bado nataka ukasirike, tuwe wawili. Wewe ukauliza tu, "Kwani daktari hawezi kumsaidia?" Na Jumatano iliyofuata, mimi nikiwa kwenye maharagwe yangu, ukafanya ulilofanya. Daktari mwenyewe ndiye aliyenisimulia baadaye, kwa idhini yenu nyote wawili. Ulimwambia kuna mtu mwingine kwenye laini. Kisha ukasema, "Mama Njeri, ongea tu. Hakuna mtu ako na hasira." Batabukini wakapiga kelele, kisha sauti ikasema, "Niko."

Ulikuwa na umri gani, Nekesa? Ulikuwa msichana ambaye watu walimcheka sokoni. Ungeweza kumwaibisha mtu aliyekuibia siri, na laini ilikuwa yako. Ukampa nafasi. Nimekuwa mama wa watu wengi kanisani na sijawahi kufanya jambo kubwa kama hilo.

Daktari hakufurahia mambo ya kusikilizana, na alituambia wazi. Kila mtu na saa yake, na mwenye saa awe peke yake. Mama Njeri akapewa saa nne na nusu, baada yako. Na ili nisiwe na shaka, yeye mwenyewe akajitolea kuja kuketi nami barazani saa yako ikifika, nimwone kwa macho yangu kwamba mikono yake haiko kwenye simu. Ndivyo tulivyoanza kupukuchua mahindi pamoja. Wanawake wawili, beseni katikati, wote wawili tunakufa kwa kutaka kusikia, na hakuna anayesikia. Tuliongea habari za mbolea. Saa yake ikikaribia anapangusa mikono, anavuka kijito, na wewe unatoka ndani unashika mahindi yake pale alipoachia.

Pale barazani ndipo nilipojifunza kitu ambacho hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kukaa karibu na mlango uliofungwa bila kuusukuma. Nilidhani kupenda ni kujua kila kitu. Nilikuwa nimekosea, na naona Mama Njeri alikuwa amekosea vivyo hivyo, ndiyo maana tukawa marafiki.

Miaka imepita. Umemaliza shule, na mtihani umeupita ukiwa na ugonjwa wako mfukoni. Barua ya chuo ikaja, na chuo chenyewe kiko pwani, upande wa pili wa nchi. Babako aliruka. Mimi nilitabasamu kwa mdomo.

Jumatatu iliyopita mlipokuwa Kitale mkinunua sanduku, nilifanya jambo. Nilimwomba opereta aniunganishe na daktari. Haikuwa siku yetu. Nilitaka akukataze. Nikamwambia pwani ni mbali, kuna joto, kuna watu wageni, na wewe si mzima kabisa, na neno lake ungelitii. Alinisikiliza hadi nikamaliza. Kisha akasema hilo la kwenda au kutokwenda ni lako wewe, na mliyozungumza ninyi wawili ni yenu, nikitaka kujua nikuulize. Ila jambo moja angeweza kuniambia: yeye hatahama. Sauti iliyokuwa ikikujia Kitale itakujia pwani, Jumatano hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, ofisini kwa matroni wa chuo, na huko nako kuna nesi wa kupima damu. Kama angekuwa daktari wa mjini hapa, ungelazimika kumwacha au kubaki kwa ajili yake. Huyu hujamwona uso mwaka mzima na zaidi, na bado anakujua. Hana pa kuachwa.

Niliposikia hivyo nikajua sina tena sababu ya kukuzuia.

Ndipo akauliza, "Na wewe, Mama Nekesa, unalala?"

Nikamwambia mimi ni mzima, hakuna kitu. Akangoja. Kwa simu mtu akingoja unamsikia akingoja. Na mwanangu, tangu nizaliwe sijakumbuka mtu kuniuliza kama nalala na kweli akataka jibu. Nikaanza kumwambia. Nikamwambia ninavyoamka kila usiku kuangalia kama kuna mwanga chini ya mlango wako. Kwamba nikikuta giza nasimama nisikie kama unapumua. Kwamba nikirudi kitandani naanza kuona kreti, na ikishaonekana haiondoki mpaka kunakucha, na imekuwa hivyo tangu likizo ile. Kwamba moyo unanidunda nikiwa nashona tu, mchana, bila sababu. Nilisema mengine ambayo sitakuandikia. Opereta akaingia katikati kuuliza kama tumemaliza, na nikajisikia nikimjibu, "Hapana. Ndiyo tumeanza."

Daktari aliniambia hiyo nayo ina jina, na inatibika, na si ukosefu wa imani wala uzee. Akasema nilikuwa nikikaa nje ya mlango wa kliniki miaka hii yote bila kuingia.

Kwa hivyo hayo matembezi ya usiku uliyomwambia babako ni ya kweli, lakini si kazi yako. Ulikuwa unapanga kubaki hapa unilinde, nami nilikuwa napanga ubaki hapa nikulinde, na tungezeeka hivyo, kila mtu macho kwa ajili ya mwenzake. Huo si upendo, mwanangu, huo ni basi la usiku.

Sina mawaidha mengi. Maneno yako yakianza kukimbia, mwambie daktari kabla hujaniambia mimi. Usijaribu kumpendeza, wala usimwambie nzuri. Ukiona huko mtu anayejibu maswali ya wengine kimya kimya na mkono mdomoni, utamjua, maana ulimjua wa kwanza kabla yetu sote. Na wakikucheka Kiswahili chetu cha Kitale, wacheke, kisha wafundishe hesabu waone.

Jumatano ijayo, saa nne, utakuwa huko unaongea na daktari wako. Sitapalilia, kwa kuwa sitakuona dirishani. Saa nne na nusu ni ya Mama Njeri. Saa tano simu ya hapa italia, mlio mmoja mrefu na miwili mifupi, na nitaifungia mlango. Babako nimeshamwambia akae nje.

Ukiniandikia, niulize habari za kuku, za kukhu, za mahindi. Hiyo ya Jumatano usiniulize. Siku nikiwa tayari nitakuambia mwenyewe, kama ulivyokuwa ukiniambia.

Kesho panda basi. Mama yako ana daktari sasa, nawe unaweza kwenda.

Ni mimi, mamako,
Nafula